Matundu Kumi na Mawili

Cherehani yangu ikikimbia, husikii kingine chochote nyumba nzima. Ndiyo maana chafya ya kwanza ilinipita, na ya pili, na pengine za siku nzima iliyotangulia. Uzi ulipokatika nikasimamisha mguu kwenye pedali, na hapo ndipo nilipoisikia ikitoka stoo, upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa sauti kavu, ndogo, kama mtu anayepasua punje ya mchele kwa meno. Kimya kidogo, kisha tena. Vifaranga walikuwa na wiki mbili kwetu na kelele zao nilikwisha kuzizoea, lakini hizi hazikuwa kelele zao.

Nilipofungua mlango wa stoo, harufu ilinipokea kizingitini ikanichoma macho mpaka machozi yakanitoka. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya vifaranga, jiko la mkaa limewaka mbele yake, jasho linamtiririka shingoni. Mmoja alikuwa amemtia ndani ya blauzi, kichwa tu kinachungulia.

"Wana mafua," aliniambia. "Baridi imewaingia. Nilikuambia."

Mama husema "nilikuambia" kama wengine wanavyosema habari za asubuhi. Niliinama nikamwokota mmoja aliyejikunyata pembeni, mbawa zimelegea. Puani alikuwa na ute, jicho moja limevimba na kufumba. Kila alipovuta pumzi alifungua mdomo na kurefusha shingo, na ndani ya kifua chake kidogo kitu kilikoroma. Nilimweka chini, nikatoka nje kukohoa.

Vifaranga hawa niliwaleta kwa kukata tamaa, wala sioni haya kusema. Baba alipofariki mwaka jana, Mama alikuja kukaa kwangu na sanduku moja, akachagua kiti kimoja na ukuta mmoja wa kutazama. Kula ilikuwa mpaka umbembeleze, kuoga mpaka umgombeze. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayedekezwa, lakini pia ndiye anayeachiwa wazee. Siku moja nikarudi na boksi la vifaranga mia na ishirini wa siku moja. Mama alitia mkono ndani, wakamdonoa vidole, akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya mazishi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto.

Kuanzia hapo alikuwa mtu na shughuli zake. Alfajiri maji, kisha chakula, kisha kuwakagua mmoja mmoja kama mwalimu anayekagua kucha. Nakiri furaha yangu nyingine ilikuwa ya kuachwa nipumue, maana kabla ya vifaranga alikuwa akiacha kutazama ukuta, basi anatazama mshono wangu na kuniambia umekwenda upande. Kwa hiyo aliponiomba vipande vya nguo vinavyobaki nikikata vitambaa, sikuuliza vya nini. Nilimpa gunia zima.

Stoo ile ina matundu kumi na mawili ya hewa, sita chini karibu na sakafu na sita juu chini ya bati. Fundi aliyeijenga aliyaacha ili vitambaa vyangu visivunde. Mama aliviringisha vipande vyangu vigumu kama vizibo, akavisokomeza kwenye matundu yote kwa mpini wa mwiko. Dirisha akalipiga gunia. Vipande vilivyobaki akavitandaza sakafuni juu ya maranda ya mbao, wasikanyage baridi. Mimi niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Nilisimama mlangoni nikamtania kwamba stoo imependeza kama ukumbi wa harusi, nikarudi kwenye kazi yangu.

Siku ile ya chafya nilimpigia simu Bwana Mifugo. Bwana Mifugo wetu ni mwanamke, lakini cheo kilifika hapa kabla yake na hakuna aliyejisumbua kukibadilisha. Ukimwita Bibi Mifugo anageuka kutazama kama kuna mwingine nyuma yake. Alikuja na pikipiki mchana, na kwa bahati Mama alikuwa uani anasugua vyombo vya maji. Bwana Mifugo aliingia stoo, akakohoa, akatoka, akajifunga leso puani, akaingia tena. Alimshika kifaranga mmoja, akamfungua mdomo, akamweka sikioni kama simu. Kisha akainua tabaka la vipande sakafuni. Chini yake kulikuwa kumelowa chepechepe, na mvuke ukapanda hata mimi niliyekuwa mlangoni nikarudi nyuma.

Aliuliza nani ameziba matundu. Nikamwambia ni Mama, anaogopa baridi.

Akanieleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza hivyo nyumba nyingi. Kinyesi kikilowa kinatoa hewa kali, na hiyo hewa inakwangua koo na mapafu ya kifaranga mpaka ugonjwa wowote unaopita unapata pa kuingilia. Vipande vya nguo vinashika maji kuliko maranda. Ongeza hewa ya mkaa. Ukiziba kila mahali, hewa mbaya haina pa kutokea na nzuri haina pa kuingilia.

"Wanatafuta pumzi tu hawa," alisema. "Hewa ya humu, dada yangu, ingemuua hata mtoto mchanga."

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka ubavuni mwa nyumba, mahali ambapo Mama asingetusikia. Nikamwomba asimwambie Mama neno lile, wala lolote linalofanana nalo.

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka suruali bila miguu. Ikabidi nimweleze, na ilikuwa mara ya kwanza kuyasema hayo kwa mtu asiye wa nyumbani. Nilikuwa na kaka ambaye sikumjua. Kwetu anaitwa Mkubwa, ingawa aliishi miezi miwili tu. Ulikuwa msimu wa baridi na akaanza kukohoa. Mama alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wa kwanza, mume yuko safarini kikazi. Aliingiza jiko la mkaa chumbani, akaziba dirisha na kila ufa kwa nguo alizokuwa nazo, akakaa humo na mtoto wake siku tatu. Asubuhi ya nne mtoto hakuamka. Na bibi yetu mzaa baba, mbele ya waliokuja kuhani, akasema mkwewe amemwacha mtoto kwenye upepo.

Miaka arobaini na sita Mama ameishi na neno hilo. Anaamini kulikuwa na ufa mmoja asiouona. Sisi tuliokuja baadaye tulilelewa ndani ya nyumba iliyofungwa kama kopo, tukienda shule tunanuka moshi, watoto wenzetu wakiziba pua wakituona. Tulimcheka kichinichini. Hata mimi, mtu mzima mwenye nyumba yangu, nikiamka asubuhi nakuta ameshafunga madirisha yangu yote. Alikuwa anajilaumu kwa kutoziba vya kutosha, na lawama hiyo alikwisha kujifunza kuibeba. Sasa akijua kuziba kunafanya nini, asingeishia kwa vifaranga. Angerudi moja kwa moja mpaka kwenye kile chumba.

Bwana Mifugo aliifungua leso puani, akaikunja. Kisha akasema yeye hasemi uongo kuhusu ugonjwa, ila si lazima aseme kila anachokijua kwa kila mtu. Lakini matundu yafunguliwe leo, sakafu itolewe yote iwekwe maranda makavu, jiko litoke, taa ya joto iwekwe. Wagonjwa watengwe. Alinipa dawa ya unga ya kuchanganya kwenye maji, akaniambia isinidanganye, dawa haishindani na hewa.

"Usipofungua, wiki haitaisha utakuwa na stoo tupu," alisema, akipanda pikipiki yake. "Mficha maradhi, dada..." Akaniachia nimalizie mwenyewe.

Basi nikaanza kazi ya kumdanganya mama yangu. Sakafu haikunipa tabu, nilimwambia imelowa na yeye mwenyewe akasaidia kuzoa. Ila maranda mapya yalipoingia, jioni nikakuta ameyafunika tena kwa vipande vikavu. Kwenye matundu nikamwambia Bwana Mifugo kasema vifaranga wanataka mwanga wa jua. Mama akatafakari, akasema mwanga si tatizo, akaenda kununua globu mbili. Stoo ikang'aa kama duka la dhahabu na matundu yamezibwa vilevile. Jiko nalo lilitoka asubuhi likarudi mchana, maana alisema taa inaangaza lakini haina huruma.

Siku ya tatu nikaja na uongo mwingine, niliodhani ni wa kifundi. Nilisema mteja ameagiza mito na vipande vyote vinahitajika, nikachomoa vizibo vyote kumi na viwili mbele yake. Hakubisha hata kidogo, alinishikia gunia. Nikarudi cherehani kwangu nikijipongeza. Baada ya saa moja nikaenda kuchungulia. Matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa kitambaa cha rangi ya zambarau. Lilikuwa gauni nililomshonea mwenyewe kwa ajili ya arobaini ya Baba, gauni zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Amelichana vipande kumi na viwili sawasawa, maana mkono wake bado una shabaha.

Na vifaranga walikuwa wanakufa. Siku ya kwanza wanne, ya pili tisa, ya tatu kumi na watano. Kila asubuhi Mama aliwapanga mlangoni na kuniambia nichimbe. Hakutaka watupwe. Kila mmoja alitaka aviringishwe kwenye kitambaa, kwa hiyo nikawa fundi wa sanda za vifaranga, naacha nguo za watu nakata vipande vya upana wa kiganja. Hakulia. Aliishiwa tu na maneno, siku hadi siku, na siku ya tano sahani yake ilirudi jikoni haijaguswa. Nilimwona amekigeuza kiti chake kidogo kuelekea ule ukuta.

Siku hiyo hasira ilinipanda. Mimi si mtu wa subira, nimeachwa na mume mmoja kwa sababu hiyo na yeye hakuwa amekosea sana. Nilimkuta stoo anakaza vizibo kwa mpini wa mwiko, kimoja baada ya kingine, na kila akikaza kimoja vifaranga wanakoroma nyuma yake. Nikampokonya ule mwiko.

"Mama, wewe ndiye unaye..." nikasema.

"Ninaye nini?"

Alikuwa ameinua uso kunitazama. Mashavu yamemwingia ndani, na masizi ya mkaa kwenye kipaji. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Unayechoka," nilimwambia. "Nenda kalale kidogo."

Nilimrudishia mwiko wake. Ni kitendo cha aibu kuliko vyote nilivyofanya katika jambo hili, kwa sababu nilijua kila tundu analokaza linawaua wangapi, nami nikampa chombo cha kukazia. Walikuwa wamebaki hamsini na saba. Nilijiambia kifaranga ni kifaranga, na mama ni mmoja. Halafu nikakumbuka kwamba bila vifaranga hata mama sina, nina kiti na ukuta.

Kesho yake asubuhi, Mama akiwa anachota maji, nikaingia nikachomoa kizibo kimoja tu, cha tundu la chini pembeni kabisa, nikakiacha sakafuni kama kilichoanguka chenyewe. Ndicho kiasi cha ushujaa nilichokuwa nacho. Nikasimama pale nikijifanya napanga maranda.

Haikuchukua muda. Vifaranga waliokuwa wamezunguka jiko walianza kuinuka. Mmoja, kisha watatu, kisha kundi zima, wakienda kwenye lile tundu. Wenye nguvu walitia vidomo ndani yake wakakaa hivyohivyo, midomo wazi. Wagonjwa walijiburuta kwa vifua. Mmoja aliyekuwa hawezi kusimama tangu jana alijisukuma kwa mguu mmoja, akifika mahali anapumzika, kisha anajisukuma tena.

Mama aliingia na ndoo. Aliona kile kizibo sakafuni, akaona wale walipo, akaweka ndoo chini haraka. Akaanza kuwabeba kwa mikono miwili kuwarudisha kwenye jiko. Aliwaweka, wakageuka, wakaenda tena kwenye tundu. Akawabeba tena. Wakarudi tena. Mara ya tatu alimchukua yule mmoja wa kujiburuta, akamlaza karibu kabisa na joto, akamfunika kwa kiganja. Alipoinua kiganja, yule kifaranga alikigeuza kichwa chake upande wa tundu.

Mama akaacha. Alikaa chini sakafuni, si kwenye kigoda, sakafuni kabisa.

"Bwana Mifugo alisema nini?" aliuliza.

"Alisema ni mafua."

"Kuhusu matundu. Alisema nini?"

Mimi nina ulimi ambao umenigombanisha na mtaa mzima. Asubuhi hiyo haukuwepo. Nilitazama maranda, na kadiri nilivyokaa kimya ndivyo nilivyokuwa namjibu, na nilijua hivyo, na bado sikupata neno.

"Alikuwa anageuza uso," Mama alisema.

Sikumuuliza nani.

"Nikimlaza upande wa jiko, anageuza uso kuelekea mlangoni. Mchana kutwa. Nikasema anamtafuta baba yake." Alikuwa bado amemshika yule kifaranga. "Nami nikawa namrudisha."

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mabega. Nikamwambia ilikuwa baridi, kila mtu anajua ulikuwa msimu wa baridi mbaya. Nikamwambia Bibi mwenyewe alisema ni upepo. Nilijisikia nikilisema neno lile nililolichukia maisha yangu yote, nalisema kwa kusihi, na kama Bibi angefufuka ningempigia magoti aje alirudie.

"Bibi yako hakuwemo chumbani," Mama alisema. "Tulikuwa sisi wawili."

Aliondoa mikono yangu taratibu. Akaenda kwa magoti mpaka kwenye matundu, akachomoa kizibo cha kwanza, na cha pili, na vyote sita vya chini. Vya juu alinionyesha kwa kidole, nikapanda kigoda nikavitoa mimi. Akalichomoa gunia dirishani. Akalibeba jiko mwenyewe mpaka uani, akalimwagia maji. Kisha akaingia chumbani kwake akalala kitandani na viatu miguuni.

Hewa ikafanya kazi yake. Siku ile walikufa wawili, kesho yake mmoja, kesho kutwa hakuna. Macho yao yakafunguka, wakaanza kugombania chakula, wakanenepa ovyo bila haya. Niliwatunza kama nilivyoagizwa, taa, maranda makavu, dawa kwenye maji. Na kila nilipowahesabu nikawakuta wote wazima, moyo ulinishuka. Nasema kama ilivyokuwa: nilisimama mlangoni mwa stoo nikitamani wafe. Wangekufa, ungekuwa ugonjwa tu, mkosi, kitu kilichotoka kwa aliyewatotoa. Kila aliyekuwa anapona alikuwa anatoa ushahidi dhidi ya mama yangu.

Mama hakuingia tena stoo. Siku ya nne mchana nilimpelekea uji chumbani. Alikuwa amelala ubavu, amenipa mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu alale pale, yeye ndiye aliyeanza kusema. Aliniuliza leo wamekufa wangapi.

"Saba," nilimwambia. "Nadhani wote watakwenda, Mama. Bwana Mifugo anasema ni ugonjwa mbaya, walikuja nao. Hata angefanya nini mtu, isingesaidia."

Niliupanga uongo huo tangu asubuhi na nikausema vizuri, bila kukwama. Chumba kile na stoo vinatenganishwa na ukuta mmoja, na upande wa pili wale hamsini na wanne walikuwa wanachakura maranda na kuitana.

"Usinidanganye, mwanangu," alisema. "Nawasikia wanavyopumua."

Niliweka bakuli la uji chini. Nikapanda kitandani nyuma yake nikamkumbatia, kifua changu mgongoni kwake, kama nilivyokuwa nikilala naye nilipokuwa mdogo. Hakunisukuma wala hakunishika mkono. Tukakaa hivyo mchana ule wote, tunawasikiliza.